Mkwe Wangu Alipokuwa Serikali

Wewe ambaye umeambiwa juzi kwamba figo zako zimechoka, ukatoka kwa daktari umeshika ukuta, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Mimi pia nilishika ukuta. Ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoongezwa maji. Najua ulichouliza, kwa sababu wote huuliza: "Nitapona?" Halafu wakakuambia habari ya mashine, ukaanza kuwaza nani atachukua sufuria zako kubwa. Ngoja kwanza. Sufuria ni zako bado.

Naitwa Rasoa. Ni mjane wa Iguhu, mkulima wa mahindi na maharagwe, na shule niliiacha mapema, kwa hivyo usinitegemee kukueleza figo hufanya nini. Ninachojua ni kwamba zangu ziliacha kukifanya.

Ilianza na viatu. Viatu vyangu vya kanisani vilikataa kuingia, nikasema labda vilinyeshewa vikasinyaa, nikamgombeza binti yangu Khasandi kwa kuvianika vibaya. Masikini, hata hakuwa amevigusa. Kumbe ni miguu iliyokuwa imevimba. Ukiibonyeza kwa kidole shimo linabaki, kama kwenye unga wa chapati. Kisha mdomo ukaharibika. Nikila obusuma, ugali wangu mwenyewe niliousonga kwa mkono wangu, nasikia kama nalamba kifuniko cha sufuria. Kisha mwili ukawasha. Nilijikuna kwa gunzi la mahindi mpaka mgongo ukatoka damu, na nakuambia ukweli, gunzi ni tamu kuliko kucha. Mkojo nao ukapungua mpaka nikawa naenda chooni kwa mazoea tu. Mwishowe sikuweza kulala chali, nikawa nalala nimekaa, kama kuku.

Marehemu mume wangu alikuwanga na fahali wa kupigana, na huyo fahali alipougua alikataa kulala hivyo hivyo, akasimama siku nyingi ameegemea mti. Mume wangu alimletea daktari wa mifugo kutoka mjini, akampikia uji. Mimi nikiwa mgonjwa aliniambia ninywe maji ya moto. Lakini hayo ni mambo ya zamani na nilishamsamehe, na fahali pia alikufa.

Basi daktari akasema damu yangu lazima ioshwe na mashine, mara mbili kila wiki, maisha yote. Damu inatoka kwa mkono, inaingia kwa mashine, inarudi ikiwa safi. Bima ya serikali ingelipa. Shida haikuwa hapo. Shida ilikuwa mahali. Hospitali ya karibu yenye hiyo mashine iko Kakamega mjini, na mashine ni chache, na kila kiti kina mwenyewe. Kiti hupatikana mtu akihamia kwingine, au akienda kule tusikorudi. Sasa niambie, utaombaje? Nilipiga magoti nikasema, Mungu nipe kiti, halafu nikanyamaza, kwa sababu niliona nilikuwa naomba mtu fulani afe. Nikabadilisha, nikaomba serikali inunue mashine nyingine. Hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kuiombea serikali kwa moyo wote.

Wakati nikingoja, nilipelekwa Kisumu, Jumanne na Ijumaa. Tuliondoka umande haujakauka, tukarudi kuku wameshaingia. Nitakuambia habari za Kisumu, lakini kwanza lazima ujue mkwe wangu.

Jina lake sitalitaja. Kwetu mkwe hatajwi ovyo. Ni mtu wa Navakholo, mume wa Khasandi, na kazi yake ni unesi wa serikali. Anafanya kazi wapi? Hapo hapo, kwenye chumba cha mashine, Kakamega.

Kama wewe si mtu wa huku, huwezi kujua ubaya wa jambo hilo. Mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono. Hawali meza moja. Yeye akiingia, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Hata nikizungumza naye nazungumza kwa wingi, "Mmefika? Mmelala vizuri?" kama kwamba amekuja na watu kumi. Sasa huyu ndiye wa kunipima uzito, kunishika mkono na kunidunga sindano nikiwa nimelala kitandani mbele yake.

Siku ya kwanza nilipokuja kuuliza mahali, nilikuwa kwenye benchi ya kungojea alipotokea ghafla na sahani ya dawa. Mimi nikajifunika leso kichwa kizima. Yeye akageuka, akaingia mlango wa kwanza alioukuta, na ulikuwa wa stoo ya mafagio. Akakaa humo. Askari wa mlangoni akaja akaniinamia.

"Mama, nesi amekukimbia?"

"Si nesi. Ni mkwe."

"Sasa atatoka lini? Watu wanangoja dawa."

"Nikitoka mimi."

Ikabidi niende nje nikasimame kwenye jua, ndipo serikali ikatoka stoo.

Watu waliniambia, Rasoa, umebarikiwa, una mtu ndani. Nami, sitakudanganya, nililala nikijua nina mtu ndani. Nilihesabu nitaenda Kisumu mara chache tu, kisha mkwe atafanya vile watu hufanya.

Wakati wa palizi, mahindi yakiwa magotini, kiti kikafunguka. Mzee mmoja alikuwa amehamia kwa mwanawe Nakuru. Hakufa, namshukuru Mungu. Khasandi alisikia habari, akaja mbio kuniambia nipange nguo. Nikapanga. Siku zikapita. Kiti kikapewa mama mmoja wa Khwisero, mwenye watoto wadogo, ambaye alikuwa ameanza kungoja kabla yangu.

Khasandi alikasirika mpaka akarudi nyumbani kwangu na begi.

"Mama, huyo si mwanamume," akasema. "Ana kiti mkononi, anampa mtu wa Khwisero. Hata hamjui."

"Labda alisahau."

"Hakusahau. Nimemuuliza. Anasema zamu ni zamu."

Mimi nami niliumia. Ulimi wangu siku hizo ulikuwa umevimba kidogo na bado niliutumia vibaya. Nilisema mengi juu ya watu wa Navakholo ambayo sasa nawaomba radhi, isipokuwa ile habari ya uvivu wa kuamka, hiyo ni kweli.

Shemeji yangu mkubwa, Mzee Lubanga, ndugu wa marehemu, akamwita mkwe aje aeleze. Walikaa sebuleni. Mimi singeweza kukaa nao, kwa hivyo nilikaa jikoni nyuma ya mlango uliofunguliwa kidogo, na Khasandi akajifanya anachambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Mwanangu," Lubanga akasema, "serikali si kitu cha hewani. Serikali ni watu. Mtu wako akiwa ndani, una serikali. Asipokuwa ndani, huna. Ndivyo ilivyo tangu wazungu. Sasa sisi tuna mtu ndani na tunaenda Kisumu. Nieleze."

Mkwe akakohoa. Ana sauti ndogo, unaweza kufikiri anaongea na mtoto aliyelala.

"Baba, nikimpitisha mama leo, anapata kiti. Ni sawa?"

"Ni sawa kabisa."

"Mwaka ujao nihamishwe Turkana. Aje nesi mwingine. Naye ana mama mkwe."

Lubanga akaweka kikombe chini.

"Huyo mama mkwe atakaa wapi, baba? Viti vimejaa. Ataanza kutazama ni nani aliyekaa kwa sababu ya mtu wake, na huyo mtu wake ameenda. Huyo ndiye atatolewa."

"Wewe hutahamishwa."

"Serikali ikitaka kunihamisha haitauliza ukoo wa Iguhu."

"Lakini hata hiyo haki unayoisema," Lubanga akasema, na nilisikia amesogeza kiti, kwa sababu anapenda mjadala kuliko chai, "nani alituahidi? Baba yangu aliugua akajitibu kwa mizizi. Hakudai serikali dawa. Kila mtu abebe ugonjwa wake. Serikali ikituosha damu sisi wote, nani atatengeneza barabara?"

"Imeandikwa kwenye katiba, baba. Kila mtu ana haki ya matibabu. Haijaandikwa kila mwenye mkwe."

"Imeandikwa na mashine hakuna."

"Ndiyo. Hapo tuipigie serikali kelele pamoja, mashine ziongezwe. Lakini nikiuza zamu, nitakuwa nimekubali kwamba ni chache milele."

Lubanga akacheka, akasema kijana huyu angekuwa wakili angekula vizuri. Lakini hakukubali. Hadi leo hajakubali. Husema haki ni neno la watu wenye afya.

Mimi nilibaki jikoni nimeshika mwiko. Sikuona aibu wala sikuona mwanga, usifikiri. Nilikuwa na hasira bado. Ila lile neno la mama mkwe mwingine lilinikwama. Niliweza kumwona kabisa, mama mnene wa mahali fulani, na leso yake, ananitazama nikiwa kwenye kiti, akiuliza huyu aliwekwa na nani. Niliendelea kwenda Kisumu. Khasandi alikaa kwangu majuma kadhaa, kisha akachukua begi, akasema nyumba yake inaingia vumbi.

Kisumu sikuichukia. Nataka ujue hivyo, kwa sababu utaogopa safari. Damu ikiwa nje ya mwili unasikia baridi, hata katika lile joto la Kisumu, na kuna mama wa huko, Mjaluo, kitanda cha pili kutoka kwangu, aliyenifunika sweta yake siku ya kwanza bila kuniuliza jina. Hakujua Kiluhya, mimi sijui Kijaluo, na Kiswahili chetu sote kilikuwa cha kuchechemea, lakini tulielewana kuhusu wakwe. Yeye ndiye aliyenifundisha barafu. Maji tunapimiwa, unajua. Kikombe kimoja kidogo kwa siku nzima, na chai imo humo humo. Mimi ambaye nilikuwanga namaliza birika. Akaniambia, usinywe, gandisha, nyonya kidogo kidogo, utadanganya ulimi. Ulimi hudanganyika. Mboga chemsha mara mbili, mwaga maji. Ndizi na parachichi sahau, waachie wajukuu. Kumbikumbi walipotoka na mvua nilikaa mlangoni nikiwatazama watoto wakiwakusanya, na chumvi ile ya kuwakaangia nikaisikia kwa pua tu. Nililia kwa ajili ya kumbikumbi kuliko nilivyolia kwa ajili ya mume wangu. Lakini nilikuwa hai kulia.

Tulipokuwa tunavuna, simu ikalia. Nilikuwa shambani, upepo unavuma kwenye mabua makavu. Ilikuwa sauti ile ndogo ya mkwe. Yeye hanipigii simu, kwa hivyo nilishtuka nikasahau hata kumsalimia kwa wingi.

"Mama, mahali imepatikana. Ni kesho saa nane."

Ndivyo alivyosema. Lakini sisi watu wa huku, l na r kwetu ni watoto wa tumbo moja, hulala kitanda kimoja na mmoja akiitwa mwingine huitika. Nilisikia mahari. Mahari imepatikana, kesho saa nane. Na kweli walibaki ng'ombe ambao alikuwa hajaleta, na nilidhani dhamiri imemsumbua kwa ajili ya kile kiti. Mwalimu jirani yetu aliniambia baadaye kwamba watu wa pwani wangesema "mahali pamepatikana" na hakungekuwa na shida yoyote. Sasa pwani ni mbali.

Nikamjibu kwa heshima, "Tumeshukuru. Waleteni salama."

Akasema, "Sawa, mama." Alifikiri nasema juu ya watu wa kunisindikiza.

Kesho yake boma lilifagiliwa. Lubanga akaja na koti na ndugu wawili. Ingokho wawili, yaani kuku wetu, walichinjwa, chapati zikapikwa, kamba tatu za kufungia ng'ombe zikaning'inizwa kwenye uzio. Mimi nilivaa gauni la kitenge cha harusi ya Khasandi, limebana huku, limelegea kule, kwa sababu mwili wa mashine hupanda na kushuka. Khasandi tulimficha habari, kwa kuwa binti haambiwi mambo ya mahari yake yakiwa barabarani. Simu niliiacha chumbani. Nani anabeba simu akipokea ng'ombe?

Saa saba na kitu boda boda ikaingia, mkwe amekaa nyuma, na sare ya kazi. Peke yake. Lubanga akatazama barabara nyuma yake.

"Wako wapi?"

"Nani, baba?"

"Hao unaoleta."

"Nimemfuata mama. Simu hashiki. Mahali ni saa nane, asipofika inaenda kwa anayemfuata."

"Mahari iende kwa nani?"

Walitazamana. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango wangu wa jikoni, nikaelewa kabla yao. Kicheko kilinipata nikashika ukuta. Mkwe aliziona kamba kwenye uzio, akaona kuku mezani, akafunika uso na mikono. Lubanga peke yake hakucheka.

"Basi umekuja mikono mitupu," akasema, "na bado unatuambia habari ya zamu. Mgonjwa mwingine ungemfuata mpaka nyumbani kwake?"

"Mwingine hangenichinjia kuku, baba. Na niko kwenye muda wangu wa chakula cha mchana. Hapa nimekuja kama mkwe. Kule ndani, akichelewa siwezi kumsaidia."

Nikasahau mlango wa nyuma. Nilitokea mbele yake na kitenge changu, miaka kumi ya kujificha ikaishia hapo, nikasema, "Tuondokeni." Nilipanda boda nyingine, yeye mbele kwenye yake, mimi nyuma, kwa heshima. Lubanga alibaki akila kuku waliochinjwa kwa ajili ya ng'ombe ambao hawakuja.

Tulifika. Kulikuwa na nesi mwingine wa kike, na mkwe akamtafuta, lakini alikuwa na mgonjwa ambaye presha imeshuka, hangeweza kumwacha. Mkwe akarudi, akavuta pazia, akasimama na mizani.

"Mama, panda."

"Siwezi. Nyinyi ni wakwe."

"Hapa ndani mimi si mkwe. Hapa mimi ni serikali."

"Serikali ndiyo ijue uzito wangu?"

"Serikali inajua uzito wa kila mtu hapa, na haimwambii mtu."

Nikapanda. Akaangalia namba, akaandika, hakusema neno, uso wake mkavu kabisa. Nikalala, nikageuza uso ukutani. Kwenye mkono madaktari walikuwa wameshaunganisha mishipa miwili, ikawa mshipa mmoja mnene unaovuma ndani kama nyuki kwenye mzinga. Wewe pia utafanyiwa, usiogope, ukiweka sikio utausikia, ndiyo sauti ya kwamba bado upo. Akaushika kwa vidole viwili, kwa adabu, kama mtu anayeshika yai la jirani. Sindano iliingia. Sikuisikia sana. Nilikuwa nimeshazoea kuzungumza naye kwa wingi, nikasema, "Mmedunga vizuri." Na kwa kuwa alikuwa serikali, wingi ulimfaa.

Tangu hapo ni Kakamega, Jumatatu na Alhamisi. Naenda na kurudi na bado napata kupika. Miguu imeingia viatu vya kanisani. Ulimi umerudi, obusuma una ladha ya obusuma. Mama wa Khwisero ndiye jirani yangu wa kitanda, na watoto wake wananiita kukhu, yaani nyanya. Nikiwatazama huwa nakumbuka nilitaka nini wakati ule wa palizi, kisha nawapa peremende.

Mkwe husema haki haishukuriwi, unaichukua tu, ni yako. Lubanga husema ni msaada, na msaada huisha. Mimi si mtu wa katiba, lakini hapo nawakataa wote wawili. Mahari ni haki, hakuna mzazi anayeiomba kama msaada, na bado ikifika tunaipokea kwa vigelegele. Mtu anaweza kudai na kushukuru kwa mdomo mmoja. Mimi hudai mashine ziongezwe kila afisa akipita, mpaka wameanza kunikwepa, na jioni humshukuru Mungu, na waliotengeneza mashine, na walipa kodi wote, hata wale wa Navakholo.

Sasa nikuambie la wiki iliyopita, kisha nikuache ukalale.

Alikuja mwanamume mmoja, amebebwa na mwanawe mkubwa, miguu ile ile ya unga wa chapati. Alikaa benchi karibu nami. Alitazama mlango wa chumba cha mashine, akawatazama manesi wakiingia na kutoka, kisha akaninong'oneza.

"Mama, wewe uliingiaje? Unajua nani hapa?"

Mkwe wangu alikuwa hatua chache, anajaza maji ya dawa. Nilijua amesikia kwa sababu alisimama bila kugeuka. Yule mwanamume nilimwona vizuri kabisa alivyo, mtu asiye na mtu.

"Simjui mtu," nikamwambia. "Nilingoja zamu yangu, na ilifika. Jiandikishe, keti hapa kando yangu."